Sala ya Kufungua Mkutano

Katika shule yetu pale Kabiria, mkutano hauanzi bila maombi. Hata mkiitwa kujadili nani amemaliza sukari ya stafurumu, chumba chetu cha walimu, lazima mtu asimame, wengine wafumbe macho, Mungu aalikwe kwanza. Mimi desturi hiyo naipenda sana, na si kwa sababu ya ucha Mungu peke yake.

Muhula ule ulitukalia vibaya. Mtaala ulibadilishwa kabla hatujauzoea ule wa awali, mvua ikaingia majumbani mwa wanafunzi, na mwalimu niliyegawana naye meza stafurumu akafiwa na mama yake. Alimzika kwao magharibi mwa nchi siku ya Ijumaa, Jumatatu akawa ubaoni anafundisha hesabu. Alikuwa halali usiku. Akiketi kusahihisha, kalamu ilitulia juu ya karatasi mpaka wino ukafanya doa. Aliomba mapumziko, mwalimu mkuu akamjibu kwamba kila mtu ana shida zake. Sasa alikuwa ameamua kuacha kazi wiki hiyohiyo, na mimi sikutaka aende.

Pengine mwalimu mkuu aliona aibu, maana alituletea mshauri nasaha kutoka mtaa wa kitajiri wa Karen. Alikuwa mama mwenye sauti laini, ya kubembelezea watoto wachanga. Alituketisha kwa duara, akasema hapa tuko huru, kila mmoja aseme linalomlemea. Sote tukatupa jicho upande mmoja. Mwalimu mkuu alikuwa ameketi kwenye duara hilohilo, mkoba magotini, akisubiri kuona ni nani atakayefungua mdomo.

Nikainua mkono. Nikasema, kwa heshima zote, hatujaomba.

Mgeni akaomba radhi. Mwalimu mkuu akaniagiza niongoze, na hapo nikajua nimempata, kwa sababu kwetu hakuna amkatizaye mtu anayesali. Nilianza mbali: nikashukuru kwa uhai, kwa mvua, kwa mgeni, hata kwa magurudumu ya gari lake. Kisha nikashuka taratibu hadi mezani kwetu.

"Baba, unamjua mwalimu mmoja hapa amezika mamake juzi tu. Halali. Anataka kutuacha. Guza roho ya yule anaweza kumpea ruhusa apumzike, Baba, hata kama ameketi hapa hapa."

Walimu wakaitikia "Ndiyo, Bwana" kwa nguvu ambazo sijawahi kuzisikia siku ya gwaride la shule. Nilichungulia kwa jicho moja. Mwalimu mkuu alikuwa amefumba macho, taya limekaza. Nikajiona tayari nimesimama ofisini kwake nikijieleza.

Kabla sijafika kwenye amina, mwalimu mkuu akanipokea sala.

"Baba, hata mimi silali," akasema. "Kila asubuhi nakaa kwa gari hapo nje ya geti, nashindwa kuingia. Na hakuna mtu hapa naweza kuambia."

Nililifumba lile jicho langu. Niliona haya na nikamhurumia, vyote kwa pamoja, nami nilikuwa nimejiandaa kwa ushindi tu. Ni mgeni aliyesema amina. Akazirudisha karatasi zake mkobani, akauliza kama kuna chai.

Siku hiyo mwalimu mkuu alichukua somo la hesabu mwenyewe. Mwenzangu akalala kwenye benchi la stafurumu, leso yangu ya kujitanda juu yake, kengele ikalia asisikie. Kesho yake alipewa ruhusa, akaenda kwao.

Sikuwa na hakika kama angerudi. Asubuhi ya kwanza baada ya ruhusa kuisha nilifika mapema, nikalikuta gari la mwalimu mkuu nje ya geti, injini imezimwa. Yeye alikuwa ndani. Kando yake alikuwa mwenzangu, ameshika kikombe, anammiminia chai ya flaski.

Mwalimu mkuu akateremsha kioo.

"Ingia nyuma, mwalimu," akaniambia. "Lakini leo usiombe."