Zege la Siku Tatu

Mie shule niliuona mlango wake tu. Nilikaa madarasa mawili nikatoka, kwa hiyo mtanivumilia nikipinda njiani. Lakini zege nalijua. Nimelichanganya kwa mikono hii tangu enzi za Mwingereza, na limewahi kunitia hofu ambayo mpaka leo haijanitoka mwilini. Watu hudhani kitu kigumu kama kile hakihitaji kutunzwa. Si kweli. Zege ni kama mzazi aliyetoka kujifungua: ukimwinua kabla ya siku zake, umemharibu, hata kama kwa macho unamwona mzima.

Vita vya pili vilikuwa vimekwisha. Temeke yetu ilikuwa minazi, mikorosho na nyumba za udongo mojamoja. Nilikuwa kibarua wa fundi mmoja wa Kihindi, mzee mfupi, aliyekuwa akijenga nyumba za watu wakubwa upande wa Upanga. Nilikwenda kwa miguu, Chang'ombe, Keko, mpaka kazini, na kurudi vilevile. Miguu ya wakati ule! Yule mzee alikuwa mkali kwa jambo moja tu, maji. Tukishamwaga sakafu tuliifunika kwa magunia na kuinywesha asubuhi na jioni, siku saba. Alipita akiipapasa kwa kiganja kama anayepima homa ya mtoto, na ole wako akute gunia limekauka.

Sasa nyumbani kwangu choo kilikuwa cha shimo, kimefunikwa magogo na udongo juu. Mchwa walikwisha kuyala. Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza, miezi minane, akaniambia, "Mume wangu, yale magogo yanalia nikikanyaga." Nilikosa usingizi kwa neno lile. Nikachimba shimo jipya, refu kunipita mara mbili. Yule mzee alituruhusu kukung'uta saruji iliyobaki kwenye mifuko iliyoraruka, nami nikawa nimekusanya ya kutosha. Nikapata kokoto, nikapata mchanga. Nondo sikuwa nazo, nikatumia vyuma vya kitanda kibovu. Nikamwaga kifuniko kimoja kipana pembeni ya shimo, juu ya mchanga, na tundu katikati. Ilikuwa Jumamosi. Choo cha zamani nikakifukia siku ileile, maana nilitaka makuti yake kwa ua mpya, tukawa tunakwenda kwa jirani wa ng'ambo ya njia.

Sikufunga mdomo, kosa langu la kwanza lilikuwa hilo. Nilizunguka mtaani kuwaambia watu kwamba mie nina zege, na kwamba hata lori lingepita juu yake. Jirani yetu, fundi seremala, mtu wa mzaha, alikuja akalizunguka akacheka. "Bwana, sasa siku ya Gavana kuja Temeke tunamleta kwako akae."

Jumatatu ikaja salamu kutoka Kisarawe: mama mkwe anakuja Jumatano kumwangalia mwanawe mpaka ajifungue.

Hapa lazima nieleze, maana vijana wa siku hizi hukaa na wakwe zao wakila sahani moja. Kwetu mama mkwe hatazamwi usoni. Hapewi mkono. Unamwamkia umechuchumaa, macho chini, naye anajibu kajifunika kanga. Na habari ya choo ndiyo kabisa, haitajwi mbele yake. Akitoka na kopo lake la maji, wewe unaondoka uani kana kwamba hujui dunia ina mahali kama pale.

Sasa mama wa namna hiyo avuke njia na kopo mkononi kwenda kwa jirani, mkwe wake ana zege uani? Niliona aibu isiyosemeka. Jumanne asubuhi nikawaita wanaume watatu, akiwamo seremala. Zege lilikuwa na siku tatu tu. Mie niliyewakataza wenzangu hata kuweka mguu kwenye sakafu ya Upanga! Tukaliinua kwa mitaimbo, tukaliviringisha juu ya vigogo mpaka shimoni. Lilipokaa, nikasikia sauti ndogo. Ta. Kama ukucha unaovunjika.

Wenzangu walikuwa wakihema, hawakusikia. Walipoondoka nikapiga magoti nikatazama. Kutoka kwenye tundu hadi ukingoni kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele.

Nitasema kweli, maana sina wa kumwogopa tena. Nilikoroga uji wa saruji ndani ya bakuli, nikapaka juu ya ule mstari. Nikalainisha kwa kidole. Kifuniko kikawa kizuri kama cha mjini.

Jumatano mama mkwe akaingia na mzigo wake na jogoo kwapani. Alikuwa mwanamke mnene, mtu wa jembe, mwenye kishindo. Nilimwamkia macho chini, nikaiona miguu yake. Nikawaza, miguu hiyo.

Tangu saa ile sikuwa mtu. Kazini sikwenda, nikasema mgongo. Nilikaa upande wa mbele wa nyumba, nikisikiliza. Nilisikia kopo likichotewa maji mtungini, ndala zikivuta mchanga, halafu kimya. Kimya kile ndicho kilichoniua. Nilikuwa napumua pale tu nilipozisikia ndala zinarudi. Nilijua kila safari yake, Mungu anisamehe, mkwe mzima nahesabu safari za mama yake mke wangu.

Mke wangu nilimwokoa kwa uongo. Nilimwambia harufu ya saruji mbichi hudhuru mimba, aendelee kwenda kwa jirani. Akaamini. Jioni nikamuuliza kwa kuzungukazunguka, "Na mama naye je, si afadhali..."

"Nimemwambia. Kacheka. Anasema yeye mimba yake ya mwisho ndiyo mie."

"Mwambie tena."

"Kuna nini wewe? Unatoka jasho."

Nikasema mgongo.

Ningeweza kumwambia. Neno moja tu, limepasuka. Lakini mtaa mzima nilishauambia habari ya lori, na seremala alikuwa hapo hapo nyuma ya ua.

Alhamisi mvua ilinyesha. Ijumaa asubuhi niliingia chooni kutazama. Uji wangu wa saruji ulikuwa umebanduka kama gamba la kidonda, na ule unywele sasa ulikuwa ufa wa kuingiza ukucha wa kidole gumba. Upande mmoja wa kifuniko ulikuwa umeshuka kidogo. Na hapo hapo, nyuma yangu, nikasikia ndala.

Nikatoka mbio, tukakutana uso kwa uso mlangoni pa choo. Mkwe na mama mkwe! Akajifunika kanga mpaka machoni, akageuka kando anipishe. Nikatandaza mikono, nikasema, "Mama, usiingie chooni."

Kopo lilimdondoka.

"Ati nini?"

"Chooni, mama. Usiingie."

"Mwanangu wee!" akapiga kelele. "Njoo umwone mumeo! Mkwe ananizuia mlangoni, anataja mambo haya mbele yangu! Funga mizigo, utazalia kwetu."

Mke wangu akaja akijishika kiuno. Seremala akachungulia juu ya ua. Nikasema kifuniko kimepasuka, nikasema tangu Jumanne, maneno yakinitoka ovyo.

"Kimepasuka wapi?" seremala akasema. "Si lori lingepita?"

Nikakasirika. Nikaingia ndani nimwonyeshe, na kwa ile hasira mguu wangu ukakanyaga pale pale.

Hakikutoa sauti kubwa. Nusu ya kifuniko iliondoka chini yangu kama mkeka unaovutwa. Nikashuka mpaka kwapani, mikono yangu juu ya ile nusu iliyobaki, miguu hewani. Nilisubiri kusikia lile pande likifika chini. Nilisubiri sana. Lilipofika, ile nusu niliyoishikilia ikatikisika.

Mke wangu akataka kuja. Mama yake akamsukuma nyuma. "Wewe kaa na mimba yako!" Kanga akaitupa, akalala kifudifudi kwenye udongo, uso wake kwa uso wangu, akanishika vifundo vya mikono kwa ile mikono ya jembe.

"Usitazame chini. Nitazame mie."

Nikamtazama. Kumbe ana kovu juu ya jicho la kushoto. Miaka miwili mkwe wake, sikulijua.

"Seremala, ruka ua, nishike miguu uvute! Unangoja nini, Gavana?"

Wakavuta. Nyama ya kifua changu ilibaki kwenye ukingo, alama ipo mpaka leo. Nilipotoka tu, ile nusu ya pili nayo ikaenda.

Tulikaa chini sote. Mama mkwe alikuwa kichwa wazi, wala hakukumbuka kanga. Akauliza taratibu, "Ulijua tangu Jumanne?"

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu ukamwambia harufu."

"Ndiyo."

"Na mie?"

Nikaiokota kanga yake, nikamwekea mapajani, macho chini.

Hakuondoka. Alisema mtu kama mie hafai kuachwa na mjamzito. Nikamwaga kifuniko kingine, safari hii yule mzee wa kazi akanipa vipande vya nondo baada ya kunitukana vya kutosha. Magunia aliyalowesha mama mkwe mwenyewe, asubuhi, adhuhuri na jioni, na akiniona karibu alinifukuza kwa ufagio. Siku saba zikapita, hakuridhika. Wiki ya pili mtoto akazaliwa, wa kike, nasi bado tunakwenda kwa jirani. Siku ya ishirini tukakisogeza. Nilitega sikio mpaka kikakaa. Sikusikia kitu, lakini na sikio langu nalo sikuliamini tena.

Akaleta kamba ya mnazi. Akanifunga kiunoni, akaizungusha kwenye mkorosho, ncha akaishika yeye.

"Kanyaga."

"Mama, naogopa."

"Ogopa, lakini kanyaga."

Nikaweka mguu mmoja. Halafu wa pili. Mke wangu kasimama mbali na mtoto kifuani, hacheki.

"Ruka," mama mkwe akasema.

Nikafumba macho, nikaruka. Nikaruka tena. Chini yangu palikuwa kimya, pagumu, pa baridi. Nilipofumbua macho bado alikuwa kaikaza kamba, na ilimchukua muda mrefu kuilegeza.