Wimbo Niliomtungia Baba

Siku timu yetu inapanda daraja, uwanja mzima uliimba ukimtaka baba yangu apofuke.

Mtunzi wa wimbo ni mimi.

Someni mpaka mwisho ndipo mnitukane. Matusi yenyewe nimeshayazoea, dada yangu peke yake ameyamaliza yote.

Naitwa Yesaya, dalali wa mchele hapa Tunduma. Asubuhi nabishana bei na wateja wa Zambia, jioni niko mazoezini naangalia Boda Rangers. Ngoma kubwa ya ushangiliaji napiga mimi. Mke wangu Judith alishasema kama Rangers ingekuwa mwanamke, yeye angefungasha virago zamani sana.

Ugonjwa huu nimeurithi kwa baba. Mzee Hezron ni mkulima wa kahawa kule Ihanda, mzee wa kanisa, hanywi wala havuti. Lakini Rangers ikicheza, kahawa inaweza kunyeshewa uani na asijali. Mara ya kwanza kuingia uwanjani nilikuwa na miaka sita, nimekaa mabegani kwake.

Mwaka jana daktari akamwambia ana presha ya macho. Jicho la kushoto limeshakwenda, la kulia liko njiani, na kilichopotea hakirudi.

"Yesaya," baba akaniambia siku hiyo tukitoka hospitali, "mimi sina makuu. Nataka niione Rangers inapanda, kwa jicho hili lililobaki. Baada ya hapo giza lije tu."

Nikamwahidi ataiona. Nilimwahidi nimemshika mkono.

Ligi ikaanza. Leo tunashinda mtaa mzima haulali, kesho tunapigwa tatu na timu ambayo hata basi haina. Nikaanza kufuatilia. Mechi nne baba alizokuja, zote tulipigwa. Asipokuja, tunashinda.

Kamati ya ufundi ikaniita.

Kama mpira wa kwetu huujui, usidhani kamati ya ufundi inafundisha mtu kupiga pasi. Hao ndio wanaomwaga chumvi ya Ivuna golini kabla jua halijatoka, na kufukia vitu ambavyo hapa sivitaji. Mwenyekiti wao ni Boazi, fundi baiskeli.

"Tatizo ni mzee wako," Boazi akasema. "Mzee wa kanisa yule. Anakaa pale anaombaomba. Sisi tunafunga, yeye anafungua. Dawa inakatika, mwana."

"Lakini anaomba tushinde sisi!"

"Hata kama. Na lile jicho lake mimi silipendi kabisa."

Hapo nilitakiwa nimzabe kofi. Badala yake nikaona ana pointi. Wenye timu zao wananielewa, ukishafungwa nyumbani mara nne akili inakaa pembeni.

Ndiyo nikatunga wimbo. Nilitunga kwa kuwachekesha kamati tu, wallahi:

*Jicho bovu, fumba! Rangers tupate goli!*
*Likifumba moja, fumba na la pili!*

Jina la baba halimo. Watu wakadhani tunawaimba wapinzani wenye kijicho, wakaudaka. Ukaimbwa stendi, ukaimbwa sokoni, watoto wakaurukia kamba. Nilivimba kichwa, siwadanganyi.

Ikafika mechi ya mwisho, nyumbani. Tukishinda tunapanda. Sare, kwisha habari.

"Mzee wako akitia mguu pale," Boazi akanionya, "mji wote tutaujulisha nani kaiua timu."

Nikampigia baba simu.

"Baba, uwanja wetu umefungiwa. Mechi wameipeleka Sumbawanga."

Nilisikia kuku wake wakilia kule nyuma.

"Sumbawanga mbali, mwanangu, mimi sitaweza. Nenda wewe. Utaniangalizia."

Nilivyo na roho mbaya, sikuishia hapo. Nikatuma picha yake kwa vijana wa getini, watu wa kamati wanaojua wimbo unamhusu nani. Ile niliyompiga siku ya hospitali, jicho limebandikwa plasta. Chini nikaandika: "Huyu asipite."

Mechi ilikuwa vita. Kipindi cha pili mvua ikashuka, mpira haudundi, watu wameloana chapachapa na hakuna anayeondoka. Dakika ya themanini na sita kona ikapigwa, Amoni akaruka juu ya mabeki wawili, kichwa, wavuni!

Sikumbuki nilimkumbatia nani. Nakumbuka nilipanda juu ya ngoma nikaanzisha wimbo, na uwanja mzima ukapokea. *Fumba na la pili!* Nililia kwa furaha. Baba nilimkumbuka sekunde moja hivi, halafu nikaendelea kupiga.

Kesho yake nikaenda Ihanda na kilo mbili za sukari na jezi mpya. Nilimkuta barazani na dada yangu Restuta, anapepeta maharage. Restuta salamu yangu hakuiitikia.

"Shikamoo, baba. Tumepanda!"

"Marahaba. Nimesikia. Hebu nisimulie, hukohuko Sumbawanga ilikuwaje?"

Nikasimulia. Nikaujaza ule uwanja watu. Nikasema wenyeji walitupokea vizuri, barabara ilikuwa safi, tukarudi tunaimba njia nzima. Baba anaitikia kwa kichwa tu.

"Mvua hukunyeshewa?"

"Mvua ya wapi, baba? Sumbawanga jua lilikuwa kali, tumeungua."

"Aa," akasema. "Mimi nilinyeshewa. Kule upande wa wageni hakuna bati."

Ungenichanja wembe pale damu isingetoka.

Restuta akaweka ungo chini.

"Redio ilisema mechi ni Tunduma," akasema. "Nikamwambia baba, Yesaya amekudanganya. Akanikatalia! Akasema wewe mchele umekuchanganya, umekosea tu, twende tukakushtukize. Tumefika getini kijana mmoja akamwangalia, akatoa simu, akacheka. Akaita wenzake, 'Njooni muone, huyu ndiye jicho bovu wa kwenye wimbo!'"

"Restuta, ngoja..."

"Ningoje nini? Baba akaiomba ile simu. Akaisogeza mpaka puani, maana haoni. Akasema, 'Hii alinipiga Yesaya siku ya hospitali.' Akamrudishia simu yake. Tukazunguka, tukaingia na mashabiki wa wageni. Wale tusiowajua ndio waliompisha akakaa mbele aone."

Nilianza kuomba msamaha. Baba akainua mkono.

"Ule wimbo," akasema. "Mstari wa kwanza nimeushika. Wa pili ngoma ilikuwa juu. Niimbie."

"Baba, tafadhali."

"Imba, Yesaya. Jana sauti ulikuwa nayo."

Nikaimba. Nimekaa kwenye kigoda barazani kwa baba yangu, bila ngoma, naimba mistari yote miwili, mchana kweupe. Jirani aliyekuwa anapita akadhani tunasherehekea, akapunga mkono.

Nilipomaliza baba akainuka, akapapasa ukuta, akaingia ndani. Jezi aliiacha kwenye kiti.

Mwezi haukuisha, tajiri wa timu akaiuza. Ndiyo, Boda Rangers iliuzwa! Imehamia mkoa mwingine, jina jingine, jezi rangi nyingine, na mimi nimejua kwenye simu kama watu wengine wote. Wachezaji wetu waliochukuliwa huko ni wawili tu. Boazi siku hizi ukimtajia mpira anakuuliza kama una baiskeli ya kutengeneza.

Jicho la kulia la baba lilikwisha Septemba.

Aliniita mbele ya mchungaji akasema amenisamehe. Ni mzee wa kanisa, angesema nini kingine? Ninaenda kila Jumapili. Tunaongea bei ya kahawa, tunaongea mbolea. Mpira hatuutaji.

Jumapili iliyopita nilichelewa kufika. Nikamsikia kutoka uani anamsimulia mechi ile binti yangu Gloria, niliyekuwa nimemtanguliza. Anasimulia vizuri, acha! Mvua, kona, Amoni anavyoruka, wageni walivyoshika vichwa. Mtoto anapiga makofi.

"Na baba, babu? Baba alikuwa anapiga ngoma?"

Nikasimama palepale nisikie.

"Baba yako," akasema, "sikumwona."

Jamani, shabikieni timu zenu. Lieni, zimieni, uzeni hata mabati kama mnataka. Lakini mkifungwa, laumuni mabeki. Timu niliyomfungia mzazi wangu geti leo inacheza mji mwingine, haijui kama niliwahi kuzaliwa. Baba yupo, leo Jumapili niko kwake, natoka kumwandalia maji ya kuoga sasa hivi, na kila nikimshika mkono anauliza, "Nani?" huku sauti yangu ameshaisikia.