Filamu Aliyoisikia Charline

Tangu utoto, Charline Kavugho alijua kwamba filamu ni vitu viwili: picha, na mtu anayesema juu ya picha. Kule Kalengera, kijijini kwao upande wa Rutshuru, siku za soko, kijana mmoja alikuwa akileta televisheni na jenereta, anafunga turubai, anashika maikrofoni. Mchina akipigwa teke, kijana ndiye aliyelia. Mhindi akiposa, kijana ndiye aliyeposa. Hakuna aliyeuliza kama wenyewe ndivyo walivyosema. Ungeulizaje, na Kichina hukijui? Basi kosa la Charline lilianzia hapo, nami simcheki, maana wengi wetu tumelelewa na maikrofoni hiyo hiyo.

Vita vya mwisho wa mwaka 2008 viliwatoa Kalengera wote watatu: yeye, mama yake Marcelline, na baba yake Donat, mchuuzi wa maharagwe. Walipokelewa Keshero, mtaa wa Goma, na shangazi Micheline, dada yake Donat, aliyewapa chumba cha nyuma pamoja na uso mkunjufu. Chumba kilibaki, uso haukukawia kukunjamana. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni: sufuria ikipotea, chumba cha nyuma ndicho kilichotazamwa kwanza.

Na kulikuwa na swali lililowafuata kila walikokwenda, ziwani kwenye maji, kanisani, shuleni: "Uko mutu wa wapi?" Charline hakuwa na jibu lililokubalika. Babu zake walitoka Butembo, lakini huko Butembo waliitwa watu wa Rutshuru. Kalengera, alikozaliwa, waliitwa Wanande, watu wa Butembo walioletwa na malori. Goma waliitwa wahamiaji wa vita, watu wa kupanga foleni ya unga. Ilimchosha kuliko njaa, kuulizwa kitu ambacho kila mwenye kuuliza alikuwa tayari na jibu lake.

Donat naye alikaa. Mtu aliyezoea kushuka na kupanda barabara nzima akinunua maharagwe kwa wakulima, sasa alikalia benchi la dada yake kuanzia asubuhi hadi giza. Kabla ya kukimbia alikuwa amepigilia mbao mbili mlangoni mwa nyumba yake, na kila siku alizitaja. Wengine walisema barabara imefunguka. Wengine walisema nyumba zote zimeingiliwa na watu. Marcelline alimwambia angoje, naye akangoja, lakini vibaya.

Wakati huo Mwalimu Adalbert, aliyefundisha Kifaransa katika shule ya masista, aliwapa wanafunzi wa darasa la Charline kazi ya kuandika. Waonyeshe jinsi mtengeneza filamu anavyotumia vyombo vyake, yaani kamera kusogea au kurudi nyuma, sauti, mwanga, na hata kile kinachoachwa nje ya picha, kusema habari ya mtu na mahali pake. Akawapa diski ya filamu moja ya nchi ya mbali yenye theluji, ambamo mzee anarudi nyumbani kwa miguu baada ya vita. Kila mmoja aitazame kwa mwenye umeme.

Keshero hakukuwa na umeme juma hilo, wala lililofuata. Zamu yake ilipofika, Charline aliipeleka diski mtaa wa Birere, kwenye sali ya video, chumba cha mbao chenye mabenchi na televisheni moja. Akamsihi mwenye sali aiweke mchana, kabla ya mpira. Chumba kilijaa, wengi wao watu wa kambi ya wakimbizi waliokimbia mvua. Maandishi ya Kifaransa yalipita chini ya picha, na chini ya picha kulikuwa na vichwa vya watu. Lakini hilo halikumtia wasiwasi, kwani Papa Gauthier, msemaji wa sali, alikuwa amekwisha kushika maikrofoni.

Loo, Gauthier siku hiyo alisema. Mzee alipotembea kwenye theluji, mdogo kama punje, Gauthier alizitaja safari za miguu ambazo kila aliyekaa pale alizijua. Mzee alipofika mlangoni na uso wake ukajaa televisheni nzima, Gauthier akashusha sauti: "Mulango hausahau mwenye aliufunga." Dirisha likaonekana, lina taa. "Banafungua," akasema Gauthier. "Papa anaingia. Anarudi kwake." Wanawake walilia. Charline alilia mpaka akaona haya. Mwenye sali akaweka mpira.

Aliandika kama mtu aliyefunguliwa kamba. Alionyesha kwamba kamera inamweka mzee mbali ili tuone jinsi dunia isivyo na nafasi yake. Kwamba sauti ya upepo inamfukuza. Kwamba mlangoni kamera inamkaribia na, kwa mara ya kwanza, mtu anaijaza picha, kwa sababu amefika mahali panapomtosha. Akamalizia kwa maneno yale ya mlango. Hakuwa amewahi kuandika kitu akakiamini hivyo.

Akamsomea baba yake. Donat hakujua Kifaransa, kwa hiyo Charline aligeuza kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, pale bencheni. Donat alisikiliza bila kumkatiza.

"Ule muzee," akauliza mwishoni, "alikuta nyumba?"

"Alikuta, papa."

"Na banamufungulia?"

"Banamufungulia."

Siku ya soko iliyofuata Donat alipanda kwenda Kalengera katika lori la Élisée, dereva waliyejuana naye tangu zamani za maharagwe. Marcelline alimshika shati. Donat akamwambia, bila ukali, kwamba mlango hausahau mwenye aliufunga.

Donat alikuwa hajarudi bado, Mwalimu Adalbert alipomwita Charline. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliouma.

"Hii sentensi ya mulango, umeitoa wapi?"

"Mu filme, mwalimu. Muzee anasema."

"Muzee hasemi kitu. Kuja uone."

Akamwekea filamu kwenye kompyuta yake, na safari hii hapakuwa na kichwa cha mtu kilichoziba maandishi. Mzee alifika mlangoni. Uso ulijaa. Midomo haikusogea hata kidogo. Aliyesema alikuwa mwanamke asiyeonekana, ndani ya nyumba: mwenye nyumba alikufa zamani, hapa si kwako, nenda. Kisha dirisha, kisha taa ikazimwa. Kisha kipande ambacho mpira uliwanyima watu wa Birere: mzee akirudi alikotoka, mdogo tena, theluji ikifunika nyayo zake.

"Unaona?" mwalimu alisema. "Kamera inamukaribia, lakini haimupatie pahali. Inamunyanganya pahali yote, anabakia na uso tu. Umeandika muzuri, Charline. Rudilia tu mwisho, ulete lundi."

Alikubali kwa kichwa. Alama hazikumpitia akilini hata kidogo. Miguu ilimpeleka Birere, ambako Gauthier alikuwa nyuma ya sali anakula sambaza, dagaa wa ziwani, kwenye sahani ya bati.

"Papa Gauthier, ile filme ya muzee na teluji. Uliyasikia, maneno yake?"

"Ile luga? Ata moja."

"Na ule mulango?"

Gauthier akatazama sahani yake. "Mutoto yangu, benchi zote zilikuwa batu ba kambi. Balilipa franka zao za unga. Ulitaka niwaambie nini? Kama mulango unafungwa? Ile banajua." Akamsogezea sahani. "Kula."

Hakula. Alitaka kumchukia na hakuweza, hasira ikamrudia mwenyewe. Gauthier aliwadanganya watu waliokaa. Yeye alimdanganya mtu aliyekuwa anatafuta sababu ya kusimama.

Élisée alirudi Jumamosi na lori lililojaa mkaa. Hakukaa alipokaribishwa. Alisema Donat alifika. Alikuta mbao zimeng'olewa, ndani mna watu, mna watoto, mna sufuria motoni. Alibisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe, akasema yeye ni nani, wakamwambia aende akaulize wakubwa. Akatoka kuja barabarani, lorini. Pale kwenye kizuizi watu wenye bunduki wakamuuliza: "Uko mutu wa wapi?"

"Angesema Goma," Élisée alisema. "Angesema Butembo. Angesema ata ku Bukavu."

"Alisema nini?" Marcelline aliuliza.

"Alisema: wa hapa."

Wakamweka kando. Lori likaamriwa kuondoka. Hayo ndiyo aliyoyaona Élisée, na tangu siku hiyo hakuna aliyeona zaidi.

Charline aliandika mwisho mpya, akaupeleka Jumatatu, ile lundi ya mwalimu. Ulikuwa wa kweli: taa inayozimwa, mtu anayerudi kuwa punje. Mwalimu Adalbert aliusoma mbele ya darasa kuwa mfano, na wenzake wakampigia makofi. Alisimama pale akisubiri waache.

Jumapili iliyofuata, walipotoka misa, Marcelline alikaa kwenye benchi la Donat. Alikuwa amekonda, na watoto wa shangazi walikuwa wamejifunza kupita mbali naye.

"Charline. Unisomee ile ya muzee. Pale anarudia ku nyumba."

Charline akaleta karatasi. Mwisho wa zamani alikuwa ameuchana. Uliobaki ni huo mpya, kwa Kifaransa asichokijua mama yake, na pembeni pongezi za mwalimu kwa wino mwekundu. Aliupitishia kidole, mstari kwa mstari, kama mtu anayesoma.

"Muzee anafika," alisema. "Dirisha iko na taa. Banafungua. Anaingia."

Marcelline akaitikia kwa kichwa polepole.

"Na banamupatia chakula?"

Kidole cha Charline kilikuwa kimefika kwenye theluji.

"Banamupatia, mama. Anakula."