Kahawa Aliyoichambua Baba

Kwetu kahawa haikunywewa. Naanza na hilo kwa sababu watu wa mjini, wakisikia nimekulia milima ya Mbinga, mibuni ikiwa imetuzunguka mpaka ukuta wa choo, wanadhani nilinyonyeshwa kahawa. Tulikunywa chai ya majani ya dukani, iliyochemshwa mpaka ikakata tamaa. Kahawa ilikuwa ada. Ilikuwa bati la nyumba, viatu vya kipaimara, nauli ya kumpeleka mtu hospitali. Kuikaanga na kuinywa kungekuwa sawa na kuzichoma sare zetu za shule ili tuote moto. Mama alifariki bila kujua ladha yake, na baba alizeeka hivyo hivyo.

Alichokijua baba ni kuichambua. Msimu ulipofika, kahawa ikishakauka, alikaa mbele ya kichanja na kutoa mbovu moja moja, iliyovunjika, iliyotobolewa na wadudu, iliyooza, huku akizungumza na watu bila hata kuitazama mikono yake. Sisi watoto tulidhani haangalii. Sikumbuki kahawa yake ikirudishwa kwenye mzani wa chama cha ushirika. Wenzake walimletea ya kwao awaangalizie, naye akajifanya anasumbuliwa, na kumbe usoni alikuwa anacheka.

Mimi nilijifunza kunywa kahawa ukubwani, hapa Songea. Kazi yangu ni kuchapa na kutoa kopi kwenye duka moja karibu na soko, na ng'ambo ya barabara kuna mgahawa wenye mashine. Kikombe cha kwanza nilinunuliwa na mteja. Cha pili nilijinunulia, na baada ya hapo sikuweza kufungua duka bila kupita pale kwanza. Bei yake naona aibu kuitaja. Niseme tu kwamba mboga ya nyumba yangu ya siku nzima ilikuwa inaishia ndani ya kile kikombe, na nilikuwa nakinywa nimesimama.

Halafu baba akaja kukaa kwangu Msamala, hapa hapa mjini, kwa sababu ya macho. Kaka yangu, aliyebaki na shamba, alimpakia kwenye basi baada ya kumkuta anamwagilia mbuni uliokatwa zamani. Hospitali walisema ni presha ya macho. Daktari alieleza taratibu, kwa adabu, kwamba mwanga uliokwisha kupotea haurudi, na dawa ya matone ni ya kulinda ule mdogo uliobaki. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza, "Sasa nikimaliza hii chupa nitakuwa nimepona?" Daktari akanitazama mimi. Nami nikatazama ukutani.

Matone yalitakiwa kila mwezi, na mshahara wangu haukuwa na pengo la kuyaingiza. Nilitafuta cha kupunguza, na kila nilipogeuka nilikiona kile kikombe cha mgahawani. Nikampigia kaka simu, nikamwomba kahawa. Alicheka sana. "Kahawa ya kufanyia nini?" Nikamwambia ya kunywa. Akaniuliza kama nina afya njema. Hata hivyo alinitumia kiroba, masalio ya shamba la baba ambayo hayakupelekwa kwenye chama, yakiwa bado na maganda yake, mazuri na mabaya pamoja.

Aliyenifundisha kuitengeneza ni jirani yangu, mama mmoja wa Nalasi, kwenye korosho huko, ambaye kwao kahawa ilipikwa kila alfajiri baada ya swala. Tuliitwanga kwenye kinu polepole maganda yatoke, tukapepeta, nikachambua punje mbovu kama nilivyokuwa nikimwona baba akifanya. Tukaikaanga kwenye sufuria nzito juu ya jiko la mkaa. "Usiiache, dada," aliniambia. "Ukienda kupokea simu imekwisha." Unakoroga bila kupumzika mpaka punje zianze kualika, unangoja kidogo, unaimwaga kwenye ungo na kuipepea ipoe. Kesho yake unaitwanga, unaichemsha, unaiacha itulie, unachuja.

Nilikunywa kikombe cha kwanza nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, na ninasema ukweli, nilitaka kumtukana mwenye mgahawa. Ilikuwa tamu bila sukari. Ilikuwa na kaharufu kama ka ndimu kanakuja mwishoni, baada ya kumeza. Hicho ndicho kitu kilichokuwa kinatoka nyuma ya choo chetu miaka yote, kikishushwa mlimani na kuondoka, na sisi tukibaki na chai yetu. Nilifurahi na nikasikia uchungu kwa wakati mmoja. Mwezi ule dawa ya baba niliinunua bila kukopa.

Kumbe baba alikuwa akinisikiliza. Siku moja nilipokuwa nachambua, akaniita kutoka kwenye kiti chake. Mimi huniita mama, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake.

"Mama, hiyo ni kahawa unayoichezea?"

"Nachambua, baba."

"Unachambua kwa mlio huo? Lete huku."

Nikampelekea ungo. Tangu afike alikuwa akikaa amejikunja, mikono katikati ya magoti, akiniuliza saa. Alipoupokea ule ungo mgongo ulinyooka. Vidole vikaanza kwenda, vikichukua na kutupa, vikichukua na kutupa, na hapo hapo akaanza kunisimulia habari za mzani wa chama na mzee mmoja aliyekuwa akichanganya mawe. Sikuwa nimemsikia akizungumza hivyo tangu mazishi ya mama. Niliingia ndani nikajifanya natafuta kitu. Kuanzia siku hiyo kazi ya kuchambua ikawa yake, na kila nilipotoka kazini nilikuta ungo uko tayari, naye anangoja nimwambie ahsante.

Wiki ile ile kahawa ikaharibika.

Ilikuwa chungu, lakini si uchungu wa kahawa. Ilikuwa na kitu cha ukungu ndani yake, ladha ya gunia lililonyeshewa, na ikikaa mdomoni haitoki. Nilidhani nimeiunguza. Nikapunguza mkaa, nikabadili sufuria, nikalaumu maji ya bomba. Jirani alipopita nikampa. Alikunywa mara moja, akatazama chumba cha mbele alikokaa baba, akanisogelea.

"Dada, umeangalia punje zenyewe?"

Nilikuwa sijaziangalia. Ningeziangalia vipi, na zimechambuliwa na yeye? Jioni ile niliinama juu ya ungo. Zilizovunjika zilikuwa zimetolewa zote. Zenye matundu zimetolewa. Kila ubaya ambao kidole kinaweza kuugusa haukuwepo. Lakini nyeusi zilikuwa zimo, na zile za rangi ya kutu zilizochacha, laini, nzima, zenye umbo zuri, zimelala katikati ya zile za kijani. Hizo hazina tofauti mkononi. Hizo ni za macho. Na zikishakaangwa zote zinakuwa nyeusi, huwezi tena kumtoa mwizi kwenye kundi.

Baba alikuwa ameketi hapo hapo, uso ameuelekeza kwangu.

"Safi?" akauliza.

"Safi, baba."

Ningefanya nini? Niliwaza kuzirudia kwa siri, lakini mzee hakuniachia nafasi. Ungo aliushika yeye mpaka jiko liwake, akamimina mwenyewe kwenye sufuria huku akipapasa ukingo, akakaa kando akisikiliza ikialika na kuniambia lini niipue. Kwa sauti hakukosea. Niliwaza kumwambia. Nilijaribu hata sentensi zenyewe nikiwa njiani kurudi nyumbani, watu wakiniona naongea peke yangu kama mwenye madeni. Baba, kuna nyeusi chache zimepita. Chache! Sentensi fupi kabisa. Ila nilipofika getini nilimkuta amenyoosha mgongo, na sentensi yote ikaniishia.

Basi nikawa nainywa. Kila asubuhi nilikunywa kahawa mbovu mbele ya baba yangu nikivuta kwa sauti ili asikie kwamba inapendwa. Kisha, Mungu anisamehe, nikifika mjini nilivuka barabara kwenda mgahawani kusuuza mdomo kwa kikombe cha mashine. Kwa hiyo ule ubahili wangu mzuri ukaishia hapo. Nilikuwa nalipia mkaa wa kukaangia kahawa isiyonyweka, halafu nalipia ya kuisahau, na dawa nikarudi kuikopa. Nilijikasirikia, nikamkasirikia kaka kwa kutuma masalio, nikamkasirikia daktari kwa sauti yake ya upole. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na kosa lolote, na hilo ndilo lililonichosha zaidi.

Tuliporudi kliniki walimpima tena. Jicho la kushoto lilikuwa limefika mwisho, na la kulia lilikuwa njiani. Safari hii baba hakuuliza kuhusu chupa. Bajaji ikaturudisha Msamala. Nikamketisha, nikawasha jiko, nikachemsha kahawa kwa sababu sikujua mikono yangu niipeleke wapi.

"Nipe na mimi," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Nipe nionje. Nimeilima tangu sina ndevu. Kabla giza halijafunga kabisa nijue nilikuwa nalima nini."

"Baba, wewe una presha."

"Ya macho. Si ya mdomo."

Nyumbani hapakuwa na kahawa nyingine. Ilikuwepo ile tu, aliyoichambua yeye. Nilitia sukari, nikaongeza sukari, nikatia tangawizi, nikaomba kimoyomoyo. Alikipokea kikombe kwa mikono miwili, kama anavyopokea komunyo, akanusa, akatabasamu. Kisha akanywa.

Nilimwona akijitahidi. Alikishikilia kile kinywaji mdomoni muda mrefu, kwa heshima, akakimeza. Akanywa tena kidogo kuhakikisha. Halafu akakiweka kikombe chini polepole, akikitafutia sakafu.

"Kumbe ndiyo hii," alisema.

Nilifungua mdomo. Kulikuwa na maneno mawili tu ya kusema. La kwanza, kwamba hii si kahawa yako, baba, kahawa yako ni nzuri kuliko yoyote niliyowahi kuinunua, na hii imeharibika kwa kuwa huoni tena. La pili, kwamba ndiyo, ni hii. Siku hiyo hiyo alikuwa ametoka kunyang'anywa jicho. Nikaufunga mdomo.

"Na wazungu wanainywa kwa hiari yao?"

"Wanainywa, baba."

"Masikini," akasema, na alimaanisha.

Kesho yake niliomba ruhusa kazini. Nilichota kahawa kidogo kwenye kiroba, nikaipeleka kwa jirani, tukaichambua wawili mchana kweupe, punje kwa punje, mpaka ungo ukawa wa kijani kitupu. Tukaikaanga kwake, tukaitwanga kwake. Ilitoka kama ile ya kwanza, na kale kandimu mwishoni kakiwepo. Niliibeba kwenye chupa ya chai, karibu nikimbie, nikammiminia baba kwenye kikombe kile kile.

"Ya leo nimeipika vingine," nikamwambia. "Onja tu."

Alinusa. "Inanukia vizuri," alisema. "Hata ya jana ilinukia." Akanirudishia kikombe. "Nimeshaionja, mama."

Nilibembeleza. Mimi si mtu wa kubembeleza, lakini siku ile nilipiga magoti sakafuni nikambembeleza kama mtoto anayekataa uji. Alitikisa kichwa bila hasira. Kisha akasema, si kwangu hasa, "Miaka yote ile nilikuwa najua tunawauzia watu kitu kizuri."

Kahawa ilikuwa inapoa mkononi mwangu. Nikainywa mimi, yote, kwa sababu ilikuwa nzuri na hapakuwa na mtu mwingine wa kuinywa. Baba alinisikiliza nikinywa mpaka mwisho.

"Wewe lakini unaipenda," akasema.

"Naipenda sana, baba."

"Basi." Akanyoosha mgongo, akayafungua magoti yake kupisha nafasi, akanyoosha mikono mbele. "Lete ungo."

Nikamletea.