Mwalimu Ndolo Alivyopimwa na Mama Mkwe

Mwalimu Yona Ndolo alikuja shuleni kwetu muhula wa pili wa mwaka 1979, akiwa mwalimu wa mazoezi. Yetu ilikuwa shule ya harambee, upande wa chini wa Mbumbuni, yenye madarasa manne ya matofali na jengo la ofisi ambalo lilikuwa bado halijawekwa dari. Mimi nilikuwa karani. Nilipiga chapa mitihani na barua za mkuu wa shule, na mwalimu mgeni akija nilimtafutia mahali pa kulala. Ndolo nilimpatia chumba kwa mzee mmoja wa kanisa. Aliniuliza kama chumba hicho kina meza. Habari ya kitanda hakuuliza.

Kwao kulikuwa Matinyani, ng'ambo ya mto Athi. Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mwenye shati lililopigwa pasi ya makaa hata siku ya Jumamosi. Jioni, wanafunzi wakishaondoka, alikuwa akiingia katika darasa tupu na kufundisha madawati. Nikifunga ofisi nilimsikia: sauti nzuri, isiyokwama, kama ya mhubiri. Nilidhani kazi kama hiyo haiwezi kumshinda.

Lakini chuo chake hakikumpima mbele ya madawati. Mwalimu wa mazoezi alitembelewa mara tatu katika muhula, mkaguzi akae nyuma ya darasa na karatasi ya alama, kisha wakae pamoja waambiane ukweli. Mara ya kwanza alikuja Bwana Mursal, mhadhiri wa Jiografia, mtu wa Garissa mwenye maneno machache. Kengele ililia Ndolo akiwa katikati ya somo, na alama zake zikawa mbaya. Mara ya pili zilipanda kidogo. Mara ya tatu ndiyo ingeamua. Akipita, angekuwa mwalimu. Asipopita, angerudia muhula mzima.

Na kulikuwa na Mbinya. Likizo ya Aprili wajomba na baba wadogo wa Ndolo walikuwa wamepeleka mbuzi wa ntheo kwa kina Mbinya, wale mbuzi wa kwanza ambao wakishapokelewa msichana anahesabika kuwa ameposwa. Arusi ilitarajiwa Agosti. Baba yake Mbinya alikuwa amesema neno moja tu mbele ya wazee: binti yake anampa mwalimu, hampi mwanafunzi. Ndolo alinieleza hayo akicheka, lakini alinieleza zaidi ya mara moja.

Sasa, kwetu Ukambani, mbuzi wa ntheo wakishafika, kijana na mama wa msichana wanaanza kuoneana nthoni. Nthoni ni heshima iliyo karibu sana na aibu. Hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni, hawasemezani, na wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani mwingine apite. Ukristo umeipunguza lakini haujaimaliza. Nimeona mzee wa kanisa akitoka kwa mlango wa nyuma katikati ya wimbo kwa sababu mama mkwe wake ameingia kwa mlango wa mbele.

Katika Julai Bwana Mursal akaugua. Chuo kikaazima walimu wenye uzoefu wamalizie shule za mbali, na kwetu akatumwa Madam Kaluki, mkuu wa shule moja ya wasichana. Alishuka kutoka pikapu asubuhi, mama mnene mwenye miwani na viatu vya kamba, akataka chai bila sukari. Mkuu wetu, Bwana Aftin, naye mtu wa Garissa, aliyekuwa hajamaliza mwaka Ukambani, alimkaribisha ofisini kwake kisha akanituma nimwite Ndolo.

"Madam," alisema Bwana Aftin tulipoingia, "huyu ndiye kijana wako. Mwalimu Yona Ndolo, mtoto wa Mzee Mwangangi wa Matinyani."

Madam Kaluki alikuwa ameinua kikombe. Alikirudisha mezani na kuugeuzia uso wake ukuta. Karatasi aliyopewa ilikuwa na jina la ubatizo tu, na kijana mwenyewe hakuwahi kumwona, maana hiyo ndiyo nthoni yenyewe. Lakini Mzee Mwangangi wa Matinyani alimjua. Mbuzi wa mzee huyo walikuwa wakilala nyumbani kwa Madam.

Ndolo aliona ubavu wa uso ule, akaona namna ulivyofanana na wa Mbinya. Alitoka kinyumenyume, akagonga mlango kwa kisogo.

Bwana Aftin alinitazama. "Karani, hawa wamegombana?"

"Hawajagombana, Bwana Mkuu. Ni mama mkwe wake."

"Basi si vizuri? Kwetu mama mkwe unamsalimia kwa adabu, unamletea maziwa, mambo yanaendelea."

"Huku mambo yanaendelea kila mtu akiwa upande wake."

"Hata kazini?"

"Kazini ni mara ya kwanza mimi kuona."

Nilimweleza kwamba iko njia ya kuilegeza nthoni, kwa zawadi na wazee wa pande mbili kukaa pamoja, lakini jambo hilo halifanywi ofisini kati ya kipindi cha pili na cha tatu. Akauliza kama mkaguzi mwingine anaweza kutumwa. Madam Kaluki alijibu akiwa bado ametazama ukuta.

"Hayuko mwingine. Chuo kinafunga alama wiki hii. Nikiondoka bila kumpima ni sawa na kumwangusha."

"Na ukimpima, Madam, na akapita? Watu watasema umempa binti yako zawadi."

"Watu watasema. Wacha waseme nikiwa nimefanya kazi." Akasimama. "Karani, nitafutie kiti. Nitakaa nje."

Ndivyo ilivyokuwa. Nilipeleka kiti chini ya dirisha la mwisho la Kidato cha Pili, akakaa ameupa ukuta mgongo, kofia ya jua kichwani, karatasi ya alama magotini. Ndolo aliingia kwa mlango wa upande wa pili. Kutoka pale nje Madam hakuweza kumwona, wala yeye hakuweza kumwona Madam. Madam alibaki na masikio tu. Mimi nilibaki karibu, kwenye pembe ya jengo, endapo angetaka kitu.

Somo lilikuwa mvua. Ndolo alieleza kwa nini milima ya Mbooni inapata mvua nyingi na sisi huku chini tunakaa tukitazama mawingu yakipita. Upepo wenye unyevu unakutana na mlima, unapanda, unapoa, unamwaga maji. Sauti ilikuwa ile ile ya jioni, tena nzuri zaidi. Aliuliza maswali, akajibiwa, akaendelea. Mimi moyoni nilikuwa nimeshampa alama.

Kisha karibu na dirisha nikasikia sauti ndogo ya msichana. "Mwalimu, lakini huo upepo unapitia kwetu kwanza."

Ndolo alikuwa akiuliza jambo jingine. Darasa lilinyamaza kidogo, kidogo sana, na kabla mtu hajapumua alilijibu swali lake yeye mwenyewe na kusonga mbele. Yule msichana alirudia, chini zaidi. Halafu akamwambia jirani yake kwa Kikamba jambo ambalo sikulipata, wakacheka bila furaha, wakanyamaza mpaka kengele.

Kipindi kilipokwisha Ndolo alitoka akaenda kusimama nyuma ya stoo. Madam Kaluki aliingia darasani, akausoma ubao kutoka juu hadi chini, akapitia madaftari, akamwuliza yule msichana jina. Aliitwa Ndila. Halafu yakafuata mazungumzo, maana bila mazungumzo kazi ya mkaguzi haijakamilika. Yeye akakaa katika ofisi ya mkuu, Ndolo akakaa kwangu, ukuta katikati yao. Kwa vile hapakuwa na dari, kila neno lilipita juu bila shida. Hata hivyo ilibidi awepo wa kuyabeba, na Bwana Aftin akasimama mlangoni.

"Bwana Mkuu, mwulize mwalimu nani waliojibu maswali yake."

"Mwalimu, nani waliojibu maswali yako?"

"Wanafunzi, bwana."

"Anasema wanafunzi."

"Mwambie ni kijana mmoja anayeitwa Kiilu na msichana wa dawati la mbele. Wao wakikawia, alijibu yeye."

"Mwalimu, anasema..."

"Nimesikia, bwana."

"Madam, amesikia. Jamani, mimi hapa ni redio?"

Madam Kaluki alisema ubao ulikuwa safi, mchoro wa mlima mzuri, sauti nzuri, maandalizi ya kutosha. Aliyataja yote polepole, bila kuyapunguza. Kisha akasema, "Mwulize kama alimsikia msichana wa dirishani."

Ndolo aligeukia mlango. "Hapana. Alisema nini?" Halafu akasahau kabisa, akauinulia ukuta uso wake. "Madam, alisema nini?"

"Alisema upepo wa mvua unapitia kwao kwanza kabla ya kufika Mbooni. Akauliza mara mbili."

"Aa, mmeanza kuongea!" Bwana Aftin alisema. "Basi mimi niende nikanywe chai."

Wote wawili wakanyamaza, na ilibidi arudi mlangoni.

Ndolo alikuwa akiizungusha chaki vidoleni. Najua alichokuwa akifikiri, maana hata mimi nilikuwa nimeanza kukifikiri. Upepo wa mvua unatoka baharini, unavuka Kitui, unatupitia sisi ndipo ufike mlimani. Kama maji yamo ndani yake, kwa nini hatupewi chochote? Nilikuwa nimeishi hapo miaka yangu yote bila kujiuliza.

"Mwambie Madam," alisema, "kwamba huku hakuna kitu cha kuupandisha upepo. Unapita chini na maji yake. Jibu ninalo. Nilikuwa nalo tangu jana."

"Mwambie jibu analo, ndiyo, lakini aliyelihitaji hakulipata. Anaogopa kimya. Darasa likinyamaza anadhani limemshinda, kwa hiyo analijaza maneno. Watoto wa nyuma wameshajua kwamba wakisubiri kidogo mwalimu atajijibu. Mwambie ningekaa ndani ningetazama mkono wake na ubao wake, labda na mimi nisingesikia."

Nilisikia kalamu ikiandika upande ule.

"Mwambie nimeandika arudie muhula. Si kwa ajili ya nthoni, wala si kwa kuogopa midomo ya watu. Mwambie hivyo hivyo."

Bwana Aftin alimtazama Ndolo tu.

"Mwambie nimesikia," Ndolo alisema.

Tulisikia pikapu ya Madam ikiondoka. Ndolo aliomba maji, akanywa, akakaa kwangu mpaka kipindi cha mwisho akiwa ametazama mashine yangu ya chapa. Nilitaka kumwambia neno la kumfariji, nikaona yote niliyo nayo ni ya uongo, nikaendelea na kazi.

Kesho yake aliingia Kidato cha Pili akamwomba Ndila arudie swali lake mbele ya wote. Mimi nilikuwa ofisini. Baada ya muda nilisimamisha mashine, kwa sababu darasa lile lilikuwa kimya kiasi cha kunifanya nidhani mwalimu amewaacha. Nilitoka kuchungulia. Alikuwa amesimama mwisho wa darasa, karibu na dirisha, mikono nyuma, jasho shingoni, akingoja. Angejibu kwa sentensi mbili. Hakujibu. Mwishowe kijana mmoja aliyekuwa hasemi kamwe akasema labda upepo hauna sababu ya kupanda, mwingine akampinga, na kelele zikaanza.

Agosti haikuwa na arusi. Badala yake akaja baba mdogo wa Ndolo, Mzee Ndululu, kutoka Matinyani, amevaa koti la kanisani. Hakutaka hata kukaa.

"Mbuzi wetu wamekula, na kijana wetu wamemwangusha! Hiyo ni desturi ya wapi?"

"Baba mdogo, mbuzi walienda kwa Mbinya. Hawakwenda chuoni."

"Usinifundishe, wewe hujapita. Mama mkwe gani anamwaibisha mkwe? Turudishiwe mbuzi, tutafute kwingine."

"Hakuniaibisha. Alikaa kwenye jua kipindi kizima ili asiniaibishe."

"Na unamtetea!"

"Angenipitisha, ningekuwa nimepita kwa ajili ya Mbinya. Ningefundisha mpaka nizeeke, watoto wa nyuma wakinicheka kwa Kikamba, na mimi nikidhani wamenielewa."

Mzee Ndululu alivua kofia, akajipepea. "Na arusi?"

"Itangoja."

"Mbuzi hawangoji. Wanazaa."

"Basi wazae kule kule, wasituletee kazi."

Mzee hakutaka kucheka, lakini alicheka, na ndipo akakubali kukaa. Alikunywa chai, akasema kwamba nyumbani atawaambia kijana ameongezwa muhula kwa sababu shule imempenda. Ndolo akamwomba awaambie ukweli. Hawakukubaliana juu ya hilo.

Muhula wa tatu haukuwa rahisi. Siku nyingine kile kimya kilimshinda, akajijibu kama zamani, akatoka darasani amekasirika. Lakini alizoea kufundisha akitembea mpaka nyuma, na wale wa dirishani wakajikuta wako mbele. Novemba Bwana Mursal alirudi, amekonda lakini amepona. Alikaa ndani, mahali pake pa kawaida. Somo lilikwenda polepole na kengele ililia kabla ya sehemu ya mwisho, kama mara ya kwanza kabisa. Nilidhani mambo yameharibika tena. Bwana Mursal alikuja kwangu kutafuta wino.

"Hakumaliza," nilisema.

"Hakumaliza," alikubali. "Lakini darasa zima lilikuwa naye." Akaandika alama za kupita.

Jumamosi hiyo Mbinya alikuja mwenyewe, akasimama nje ya ofisi na mfuko wa kunde kutoka kwao. Ndolo alikuwa kwangu akisahihisha.

"Nimepita," alimwambia kabla hajasalimiwa.

"Tumesikia. Baba amesema wazee waje Desemba."

"Na mama?"

"Mama hajasema kitu." Mbinya aliuweka mfuko mezani kwangu, akaanza kucheka. "Juzi alikuwa akipima kitambaa cha nguo ya arusi. Akakitandika meza nzima, akaniambia nisikiguse mpaka amalize."

Ndolo alimvutia kiti, akamwomba akae angoje, maana bado alikuwa na madaftari ya kusahihisha.