Fundi Aliyeuliza Aanzie Wapi

Ijumaa, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Naandikia jikoni kwa Bibi, daftari liko magotini, maana nikingoja nitasahau alivyosema.

Kwanza niseme ukweli: leo nimeharibu. Mama yuko Iyunga kwa mama mdogo aliyejifungua, na bustani ya nyuma ya nyumba kaniachia mimi. Nitafute fundi wa pawatila, katrekta kale ka kushika kwa mikono, ailime, Jumatatu tupande viazi. Mbegu imeshachipua, haingoji mtu. Basi fundi kaja mchana kuangalia, kaka mmoja wa Mafinga mwenye gambuti na maneno mengi. "Mdogo wangu, hii kesho asubuhi naimaliza kabla chai haijapoa. Nashuka nayo kutoka nyumbani mpaka mtoni, napanda nayo, nashuka tena. Au una neno?"

Bustani yetu ni mteremko mtupu. Huku kwetu hata mtoto wa chekechea anajua matuta yanakatiza mteremko, hayashuki nao. Nilikuwa nalo neno. Nikaangalia gambuti zake, nikasema, "Sawa, kaka."

Bibi alikuwa kasimama mlangoni, kasikia yote. Kaka alipoondoka nikamwambia, "Bibi, si umwambie wewe?"

"Bustani kaachiwa nani?"

Akanisogezea kigoda, akanipa majani ya maboga nimenye, akaanza taratibu kama kawaida yake.

"Mwanangu, kuna siku moja hainitoki. Kila nikisikia mashine inaunguruma shambani, inanirudia. Nilikuwa nimeolewa mwaka huo huo. Babu yako yuko Sao Hill kwenye kazi ya kupanda miti ya misindano, mimi nimebaki Nyololo na mimba ya mama yako na shamba langu la kwanza, mteremko kama huu. Siku natoka kwetu mama alinipa mbegu ya maharage, kibuyu kizima. Nyeupe, zina baka jekundu kwenye kitovu. Yeye naye alipewa na mama yake. Sasa kulima kwa mkono siwezi, tumbo limefika hapa. Nikamwita fundi.

"Alikuwa mzee Masanja, Msukuma aliyehamia Usangu na mifugo yake, kapandisha huku na maksai wanne kutafuta kazi za kulima. Mtu mpole yule, na plau yake inang'aa kama kijiko. Akafika, akatazama, akaniuliza, 'Mama, nianzie wapi?' Mimi bi harusi wa jana, nimeinamisha uso, namjibu, 'Popote tu, baba. Fundi ni wewe.'

"Akaanza juu, akashuka moja kwa moja mpaka bondeni. Kwao ni tambarare, wananyoosha mstari upande wowote, maji hayana haraka. Nikaona. Mwenye macho haambiwi tazama, na mimi nilitazama mpaka akamaliza. Nikajisemea, mimi nani nimfundishe mzee kazi yake? Watasema binti wa watu hana adabu. Nikampa togwa, nikamshukuru kwa magoti.

"Nikapanda kibuyu kizima. Sikuacha hata punje ya akiba, ndio ujana huo. Mvua ya siku ya nne ikaikuta mistari ile, ikaigeuza njia zake. Asubuhi shamba liko mtoni, mbegu ya bibi yangu iko mtoni, mimi nimesimama pale na tumbo langu nalia kama mfiwa. Mpaka leo nachungulia kila gunia la maharage sokoni. Lile baka sijaliona tena."

Hapo Bibi akasukuma ukuni ndani. Mimi nikajifanya namenya.

"Mzee Masanja alikuwa bado kijijini. Akasikia, akaja. Akachuchumaa kwenye korongo lililochimbwa na mvua, akatia mkono, ukazama mpaka kwenye kiwiko. Nikadhani ataomba radhi, nikajiandaa kusema si kitu, baba. Akasema, 'Mwanangu, nilikuuliza.' Basi. Baadaye ndio akaongeza, 'Mimi namjua ng'ombe na naijua plau. Mteremko wako unaujua wewe. Niliuliza kwa sababu sijui, ukanijibu kama mtu anayeitikia salamu tu.' Na alikuwa na machozi, mzee wa watu. Nilidhani namheshimu, kumbe nimemwaibisha. Kijiji kizima walikuwa wanasema yule wa Usangu hajui kulima.

"Mwaka uliofuata akarudi bila kuitwa. Akaniambia, 'Haya mama, tangulia.' Nikatembea mbele ya maksai, mama yako mgongoni, nakatiza mteremko, yeye nyuma yangu na plau. Shamba lile lipo mpaka leo, unalijua, ndilo lenye miparachichi.

"Kwa hiyo, mwanangu, ukimwita fundi, mwamini, usimsimamie kama mwizi. Ila kabla hajatia chuma ardhini, mwambie unachokijua. Yeye ana mikono, wewe una miaka ya kuishi hapo. Maji yakimwagika hayazoleki, na udongo ndio kabisa. Kunyamaza ni adabu, nakubali, lakini si kila siku. Kuna siku kunyamaza ni kumwacha mwenzio aanguke huku unamwangalia. Haya. Mungu akupe sauti ya kufika mwisho wa bustani, zaidi ya hapo utakuwa mpiga kelele. Na viazi vyako vijae kama magoti ya mtoto aliyenona."

Nimecheka, lakini jembe nimeliegemeza mlangoni kabisa kwa ajili ya kesho.

Jumamosi asubuhi. Nimeamka ukungu haujainuka, nikachukua jembe, nikachora mstari mmoja kukatiza mteremko, kutoka kwenye mpera mpaka kwenye uzio. Mstari umepinda kama nyoka. Kaka alipofika nikasema kabla hajazima pawatila, "Kaka, usishuke nayo. Fuata huu." Akaniangalia, akauangalia mstari. "Yaani jana ulikuwa unajua, ukaniacha tu?"

"Nilikuwa najua. Nisamehe, kaka."

"Mashine italalia upande, itaniua kiuno hii!" Akatazama chini mtoni, akakuna kichwa. "Haya bosi. Huo mstari wako wenyewe umelewa. Tangulia basi, nionyeshe."

Nikatangulia mbele ya pawatila, sikugeuka nyuma mpaka kwenye uzio.