Rangi ya Midomo kutoka Japani

Mwaka wa pili baada ya kufiwa na mume wangu, mwanangu alipelekwa Japani kwa mafunzo na kampuni ya gesi ya Sur, mji wa kwetu Uarabuni, nami akanichukua. Siku yake ya mapumziko tulikwenda kwenye jumba dogo la makumbusho ya rangi ya midomo, ile ya zamani inayotengenezwa kwa maua. Ndani ya kikombe ilikuwa kijani inayong'aa, lakini binti wa pale alipoigusa kwa brashi yenye maji, ikageuka nyekundu. Akaninyooshea brashi.

"Mama, usipake," mwanangu akaninong'oneza. "Watu watasema nini?"

"Watu gani? Wenyewe wako Ibra, kwa kina baba yako."

Nikapaka. Nilipojitazama kiooni nilijipenda, jambo ambalo sikulikumbuka tangu msiba. Nikanunua kikombe kimoja.

Idi ilipofika nilikwenda Ibra kwa wakwe zangu, midomo myekundu. Wanawake waligeuka kunitazama midomo nilipoingia majlisi, sebule ya wageni. Wifi yangu mkubwa akanisemesha kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, ili majirani waliokuja kutembea wasielewe: "Mjane gani wewe, huna haya?"

Nilimwamkia shikamoo kwanza. Kisha nikamjibu kwa Kiarabu, kila mtu asikie: "Eda nimekaa mpaka ikaisha, na marehemu namwombea dua kila sala. Hii sheria ya midomo umeipata wapi?"

Nikakaa ubavuni mwake, nikanywa kahawa, na alama nyekundu ikabaki kwenye finjani. Sikuifuta.